Saa ya Kutunga

Kila ninapokutana na wahitimu niliowafundisha miaka iliyopita, huwauliza kama bado wanaandika. Jibu karibu huwa moja: "Mwalimu, muda uko wapi?" Wengi wao walikuwa na kalamu nzuri. Yuko aliyetunga mashairi yenye mizani kamili akiwa mwaka wa kwanza, na yuko aliyeandika tamthiliya ikaigizwa na wenzake mbele ya ukumbi uliojaa. Leo mmoja ni afisa ugavi, mwingine ni mwalimu wa sekondari mwenye vipindi hadi jioni. Hawasemi kwamba vipaji vyao vimekauka, wala kwamba hawana la kusema juu ya nchi yao. Wanasema muda hakuna.

Msomaji aliyezoea kunisoma nikijadili katiba, bajeti na mienendo ya vyama vyetu anaweza kudhani kwamba leo nimeipa siasa likizo. Sivyo. Nani ana muda wa kutunga na nani hana ni swali la kisiasa kama lilivyo swali la nani ana ardhi na nani hana. Kila mtu anahesabiwa saa 24 kwa siku, lakini si kila mtu anayezimiliki. Zipo zinazochukuliwa na mwajiri, zipo zinazomezwa na foleni ya barabarani, na zipo zinazobebwa na ndoo ya maji. Taifa lisilojali hesabu hiyo hujikuta linasimuliwa na wachache wenye nafasi, au linasimuliwa na wageni.

Mimi ni mtu wa Ngumbo, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, katika eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012. Kwetu muda ulisomwa ziwani kabla ya kusomwa ukutani. Usipa, dagaa wa ziwa letu, huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola. Samaki hao hufuata mwanga, na mwanga wa taa huwa na nguvu pale tu anga linapokuwa na giza. Mwezi ukikua na kuangaza maji yote, taa ya mvuvi hupoteza mvuto, nyavu zikarudi nyepesi, na mitumbwi ikalala mchangani. Kwa hiyo kila mwezi mvuvi alikuwa na siku za kazi na siku za kukaa. Hakuomba likizo kwa mtu. Mbalamwezi ndiyo iliyompa.

Juu ya kalenda hiyo ya mwezi ilikuwapo kalenda ya mwaka. Mvua hutushika kuanzia Novemba hadi Aprili, na hizo ndizo siku za jembe. Kiangazi kinapoingia huvuma mwera, upepo mkali wa kusini unaolichafua ziwa hata wazee wenye uzoefu wakakataa kusukuma mtumbwi. Mavuno yako ndani, ziwa limekasirika, na vijana wana nguvu zisizokuwa na kazi. Huo ndio uliokuwa msimu wa mganda. Kijiji kiliwaalika wenzao wa kijiji kingine, nao walikuja kwa miguu kwa mistari, wamevaa meupe, wakicheza kwa hatua za gwaride. Wanahistoria wa ngoma ya beni, akiwamo Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975, wameeleza jinsi ngoma za namna hiyo zilivyochukua gwaride na bendi ya jeshi la wakoloni na kuzigeuza kuwa mali ya wanakijiji. Ng'ambo ya pili ya ziwa, Malawi, ndugu zetu wanaifahamu ngoma hiyo pia, nao huiita malipenga. Wanawake walikuwa na kioda yao, yenye nyimbo zilizotungwa upya karibu kila msimu, maana kuimba wimbo wa mwaka jana mbele ya wageni ilikuwa aibu.

Simulizi hii ni tamu, na utamu wake unaweza kutupoteza. Tungeweza kuhitimisha kwamba mababu zetu walikuwa na muda, sisi hatuna, na kisha tukakaa kusikitika. Ukweli una upande mwingine. Mbalamwezi ilimpumzisha mvuvi, haikumpumzisha mke wake. Mihogo ililowekwa iwe mwezi umetoka au haujatoka. Iliopolewa, ikaanikwa ikawa makopa, ikatwangwa, ikachekechwa, na ugali ukasongwa kila jioni. Usipa waliovuliwa usiku wa giza walianikwa mchana na mikono ya wanawake, wakilindwa dhidi ya mvua, kuku na kunguru, kabla ya wachuuzi kuwabeba kwenda Mbinga na Songea. Kuni hazikujua mwezi mchanga wala mwezi mpevu. Na hata hivyo, nyimbo za kioda zilitungwa na wanawake hao hao. Zilitungwa saa ngapi?

Jibu ninalo, kwa sababu nilikulia katika nyumba ya mtunzi. Mama yangu mkubwa, dada yake mama, alikuwa akitegemewa na kikundi chake kwa nyimbo. Hakuwahi kuketi chini akasema sasa natunga. Alitunga akitwanga. Mchi ulimpa mapigo, na mapigo yalimpa mstari. Mstari ukikaa vizuri aliurudia hadi unga ukaisha kinuni. Kesho yake aliupeleka ziwani walikokuwa wakioshea vyombo, akawaimbia wenzake, wakacheka mahali alipotaka wacheke au wakanyamaza mahali asipotaka wanyamaze, naye akaurekebisha akiwa njiani na ndoo kichwani. Aliimba kuhusu kodi, bei ya mihogo, na wanaume waliokwenda mashamba ya mkonge ya Tanga wakasahau njia ya kurudi. Ilipofika siku ya ngoma, wimbo ulikuwa umepita katika masikio ya watu wengi kuliko makala zangu nyingi kabla hazijachapishwa.

Nimeutafakari mfano wa mama mkubwa kwa miaka mingi, na nimefikia maoni ambayo ningependa msomaji ayapime. Kazi yake ilikuwa nzito kuliko yangu. Ilichukua mikono yake, mgongo wake na shingo yake. Lakini haikuchukua kichwa chake. Katikati ya kutwanga, akili yake ilikuwa huru kwenda ilikotaka. Kazi zetu za leo, zile za ofisini, za darasani na za dukani, zimefanya kinyume. Mikono yetu imepumzika na vichwa vimekodishwa. Mtu anayesahihisha insha 200 hawezi kutunga beti akiwa anasahihisha, kwa sababu kazi hiyo inadai mahali pale pale ambapo beti lingezaliwa. Akimaliza, simu inampokea kwa makundi yake ya michango ya harusi, ya misiba, ya wazazi wa shule na ya watumishi wa idara, na kila moja linadai jibu. Usiku anapojilaza ana saa mbili za bure, lakini kichwa kilichobaki hakina kitu. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa jioni nzima bila kazi na bado akasema kwa haki kabisa kwamba hakuwa na muda.

Sina nia ya kutamani kinu. Aina ya utunzi inayowezekana kinuni ina mipaka yake. Wimbo mfupi unaweza kubebwa kichwani, ila riwaya ya kurasa 300 haibebeki hivyo. Riwaya inataka meza, karatasi, taa, na siku nyingi zinazofuatana. Wanawake wa mwambao wangapi walikuwa na hadithi ndefu ndani yao, wakazikata ziwe fupi ili zitoshe katika muda wa kutwanga debe moja la makopa? Hilo swali halina takwimu, na ni hasara isiyoandikwa katika daftari lolote la serikali.

Tukiangalia historia ya fasihi yetu, tunaona kwamba wengi waliotujengea jina hawakuwa watu wenye nafasi. Shaaban Robert aliingia kazini mwaka 1926 akiwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni, na maisha yake karibu yote ya utu uzima aliyatumia katika dawati la mtu mwingine, idara moja baada ya nyingine, akihamishwa mji huu na ule. Alifariki mwaka 1962 akiwa na umri wa miaka 53. Vitabu vyake, vinavyozidi ishirini, viliandikwa pembezoni mwa ajira hiyo. Karani huyo ndiye aliyetuachia pia wasifu wa Siti binti Saad, msichana wa Fumba, Unguja, aliyetembea akiuza vyungu kabla sauti yake haijarekodiwa katika sahani huko Bombay mwaka 1928. Yaani mwandishi aliyeiba muda kwenye ukarani alisimulia habari za mwimbaji aliyenoa sauti yake akiwa mchuuzi. Sidhani kama ni bahati nasibu kwamba alimwelewa.

Mkoani kwetu Ruvuma tuna mfano mwingine ambao hatuutaji vya kutosha. Edward Said Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Kama vijana wengi wa kusini, alikwenda Tanga kutafuta kazi ya mkonge, kisha akaenda Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani kwa watu na vibarua vya kila namna, na baadaye akapata ajira ya ngazi ya chini katika Hospitali ya Muhimbili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya mraba vya hadibodi, kwa rangi zile zile za mafuta zilizotumika kupakia baiskeli. Picha ziliuzwa kando ya barabara pale Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mtu mwingine. Kazi yake ya uchoraji ilidumu kwa miaka ipatayo minne tu, katika saa zilizosalia baada ya vibarua, na leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa sanaa unaofahamika duniani. Miaka minne ya masalio ya muda! Fikiria nchi ingepata nini kama angepewa hata miaka kumi.

Na yuko Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza kuandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji wa lugha hiyo, akaanza upya, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili akiwa mzee. Kitabu kilichapishwa mwaka 1980, miaka 35 baada ya mswada wa kwanza kukamilika, na mwaka uliofuata mwandishi akafariki. Mifano ya aina hii hutumiwa mara nyingi kuwahimiza vijana: tazameni, walivumilia, nanyi vumilieni. Mimi huisoma pia kama hati ya mashtaka. Inaonesha uwezo wa mtu kuvumilia, na inaonesha pia jamii ilivyokuwa tayari kumwacha avumilie peke yake.

Wapo wanaopenda kumtaja Mwalimu Nyerere, aliyefasiri tamthiliya mbili za Shakespeare, Julius Caesar na The Merchant of Venice, akiwa Rais wa nchi, na kuuliza: kama Rais alipata muda, wewe unakosaje? Namheshimu Mwalimu kwa kazi hiyo. Ilikuwa hoja ya kisiasa iliyotolewa kwa vitendo, kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mzigo wowote. Ila ulinganisho wenyewe ni dhaifu. Rais hakuchota maji, hakupika, na hakusubiri daladala Mbagala saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa na shughuli nyingi kuliko sisi sote, lakini shughuli za nyumbani zilifanywa na watu wengine, na watu hao ndio hasa ninaotaka kuuliza habari zao.

Kuna jambo jingine linalosumbua katika historia ya fasihi ya Afrika Mashariki. Baadhi ya waandishi wetu walipata muda mrefu usiokatizwa wakiwa gerezani. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, na mashairi aliyoyatunga humo yakawa diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya yake ya Kikikuyu juu ya karatasi za chooni katika gereza la Kamiti mwaka 1978. Tunawasifu kwa ujasiri wao, nao wanastahili. Lakini nchi ambayo mwandishi wake hupata saa za kutosha pale tu inapomnyang'anya uhuru wote ina jambo la kujieleza.

Nayasema haya kwa sababu miezi kadhaa iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mwalimu kijana wa shule ya msingi kwenye mwambao wetu. Sitamtaja jina, wala shule yake. Alikuwa amenitumia, mwaka mmoja kabla, picha za kurasa za daftari lake kubwa la kaunta buku, zenye hadithi tano. Mbili zilikuwa za kawaida. Tatu zilinifanya nisome mara mbili, hasa moja kuhusu mjane anayeendesha biashara ya usipa wakaukao na anayejifunza kusoma mizani ili asipunjwe. Lugha yake ilikuwa Kiswahili safi chenye pumzi ya Kinyasa, kama watu wa kwetu wanavyosema kweli. Katika ujumbe wa mara hii aliandika hivi: "Shikamoo Mwalimu. Nashukuru kwa kunitia moyo, ila nimeamua kuacha mambo ya hadithi. Nina mtoto, nina darasa, nina shamba. Muda wa starehe umeisha."

Neno lililonichoma ni "starehe". Hakuna aliyemlazimisha kulitumia, amelipokea kutoka kwetu sote. Tunapomwona mwanamke amekaa na daftari jioni, tunauliza anafanya nini. Akiwa amekaa na ungo, hatuulizi. Mume akitoka kwenda kutazama mpira kwenye kibanda, huo ni mchana wake. Mke akijifungia kuandika, huyo ana maringo. Hata shule alizosoma zilimfundisha kwamba fasihi ni somo la kujibia mtihani, na kwamba mtu mzima mwenye akili huliacha pamoja na sare.

Nilimwomba anieleze siku yake. Huamka saa kumi na nusu alfajiri. Huchota maji, huwasha moto, humwandaa mtoto, hutembea hadi shuleni. Darasa lake lina watoto wengi kuliko madawati. Akirudi hupitia shamba, kisha jioni ya jikoni, kisha madaftari ya wanafunzi chini ya taa ya sola hadi betri inapochoka. Katika siku hiyo nilitafuta saa moja ya kumwazima sikuiona. Mashauri ya kawaida, yale ya "panga ratiba yako" na "amka mapema", yangekuwa dhihaka kwake. Huyu anaamka mapema kuliko wote wanaotoa mashauri hayo.

Kisha nikamuuliza swali ambalo ni mtu wa kwetu tu angeliuliza: mume wako anavua nini? Alijibu kwamba anavua usipa. Basi, nikamwambia, siku za mbalamwezi yuko nyumbani. Nilimshauri wazungumze, tena si kwa kumwomba mume ruhusa ya kufanya starehe, bali kwa kumweleza kwamba kuna kazi ya kuandika ambayo haijapata mtu wa kuishikia zamu. Siku zile ambazo ziwa linampumzisha yeye, maji na mtoto viwe vyake kuanzia jua linapozama, na meza iwe ya mkewe. Siku chache kwa mwezi. Zikianguka siku za mitihani, zipite.

Alicheka, akasema mumewe atamwona amechanganyikiwa. Baadaye akaniandikia kwamba mume naye alicheka, kisha akauliza hadithi hizo zinahusu nini, naye akamsomea ile ya mjane wa usipa. Mume akamsahihisha mahali pawili kuhusu nyavu. Mbalamwezi ya kwanza aliandika kurasa nne. Ya pili mama mkwe aliugua, hakuandika hata mstari. Ya tatu aliandika kurasa mbili, akazifuta, akaandika moja. Siwezi kukuahidi, msomaji, kwamba daftari hilo litakuwa kitabu. Ninachojua ni kwamba halijafungwa, na kwamba neno "starehe" halimo tena katika ujumbe wake.

Kutokana na mazungumzo hayo, na kutokana na miaka yangu mwenyewe ya kuandika huku nikifundisha, ningetaja mambo machache kwa yeyote anayeishi maisha yenye msongamano na bado ana la kutunga. Kwanza, usitafute muda tu, tafuta kichwa. Saa moja ya alfajiri kabla simu haijawashwa huzaa kuliko saa tatu za usiku baada ya kikao. Mimi siwashi simu kabla ya kuandika ukurasa mmoja, na watu wa nyumbani wanajua kwamba anayekufa saa hizo nitaambiwa kwa kugongewa mlango. Pili, rudisha utunzi katika kazi za mikono pale zilipobaki. Kufua, kulima, kutembea kwenda kituoni ni kinu chetu cha leo, mradi tusiyazibe masikio yetu kwa simu. Tatu, usingoje kustaafu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alifanya kazi za hospitalini akiwa mkimbizi kijana Uingereza, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Kent kwa miongo kadhaa. Riwaya zake nyingi ziliandikwa katika miaka hiyo ya kazi. Mmisri Naguib Mahfouz alikuwa mtumishi wa serikali hadi alipostaafu, na vitabu vilivyomjengea jina aliviandika akiwa bado mwajiriwa. Nne, tafuta wa kumsomea. Mama mkubwa alikuwa na wenzake wa ziwani, na wimbo wake haukuweza kufa kimya kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wakiuliza umefikia wapi.

Mashauri haya yana thamani yake, lakini nikiishia hapo nitakuwa nimeukwepa wajibu wangu. Mtu hawezi kujikomboa kwa ratiba tu ikiwa saa zake zimekwisha kugawiwa na wengine. Kwa hiyo nageukia wenye dhamana.

Bomba la maji ni sera ya utamaduni. Anayepeleka bomba karibu na nyumba katika kata ya mwambao anamrudishia mwanamke saa mbili za siku yake, na katika saa hizo zimo nyimbo, hadithi na uvumbuzi ambao hakuna wizara itakayoweza kuuagiza. Barabara nayo ni hivyo hivyo. Tangu lami ilipofika Mbamba Bay kutoka Mbinga, safari zilizokuwa zikila siku nzima, hasa masika, zimekuwa za saa chache. Tunapoyapima maendeleo haya tunahesabu tani za samaki na magunia ya kahawa. Tuhesabu pia saa zilizorudi kwa watu, na tuulize zimekwenda wapi.

Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa na serikali yetu na kutolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, ni jambo jema na nimelipongeza hadharani. Lakini tuzo humpa fedha aliyekwisha kumaliza kitabu. Haimfikii yule aliye katika ukurasa wa arobaini na mtoto mgongoni. Ingefaa sehemu ya juhudi hizo ielekezwe kununua muda: mwalimu au muuguzi mwenye mswada wenye matumaini apewe muhula mmoja wa likizo yenye malipo, au nafuu ya vipindi, ili akamilishe. Gharama yake ni ndogo kuliko ya semina nyingi za siku mbili ambazo sote tumehudhuria na kuzisahau.

Vyuo vikuu navyo vijitazame. Katika chuo kimoja nilichowahi kufundisha, riwaya aliyoiandika mwenzetu kwa miaka sita ilipelekwa kwenye kamati ya kupandisha vyeo, ikarudishwa na maelezo kwamba makala mbili za jarida zingemsaidia zaidi. Kijana aliyesikia habari hiyo alijifunza kitu, na hakikuwa kitu kizuri. Tunawafundisha wanafunzi kuchambua riwaya, kisha tunamwadhibu mwalimu anayeiandika.

Mwisho, nyumba zetu. Sera itachelewa, kama ilivyo kawaida ya sera, lakini zamu ya kuchota maji inaweza kubadilishwa leo jioni. Mwanamume anayesoma makala haya na anayejua kwamba ndani ya nyumba yake yuko mtu mwenye kalamu, sauti au mkono wa kuchora, na ajiulize ni saa zipi anazozitumia ambazo si zake. Kwa watu wa mwambao hesabu ni rahisi. Mwezi ukipevuka, mitumbwi italala mchangani tena. Siku hizo wanaume wa kwetu wamezipata bure tangu zamani, na hakuna ubaya wowote katika kuzigawana.